Kocha wa Kukaa na Mpira

Wapo watu niliowadharau wiki moja, wakanitoka moyoni. Kocha nilimdharau miaka na sikuchoka. Tulikaa nyumba moja hapa Bellevue, nyumba kuukuu ya Wazungu wa zamani iliyokatwakatwa vyumba. Yeye alikuwa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, mimi na mjukuu wangu Zuhura tulikuwa na viwili vya nyuma, karibu na jiko. Jina lake nalijua. Silitaji, maana hata yeye hakulitumia. Ukimwita kwa jina hageuki, ukimwita Kocha anageuka mwili mzima.

Kocha alikuwa na binti Tanga. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu ndilo lililonichoma, mengine yote ni porojo za mpira. Alimwacha binti huyo na meno yake ya utoto, akaja huku Afrika Kusini kufundisha mpira wa kikapu, na kila mwaka alikuwa anakwenda kumwona mwaka ujao. Binti akakua, akaolewa, akazaa. Baba yuko Bellevue, anasubiri. Ukimuuliza anasubiri nini, anakuuliza wewe umepika nini.

Sasa inabidi nieleze huo mpira wake. Sipendi, lakini bila huo hamtamwelewa mtu mwenyewe.

Ujanani alipelekwa Marekani kusoma chuo, kwa sababu ya urefu wake. Alikuwa mrefu kweli, hata uzeeni akiingia jikoni kwangu huinama kama anayetafuta sindano. Elimu aliyorudi nayo kutoka huko mimi sijaiona. Nilichokiona ni mchezo. Siku zile, alisema, kwenye mpira wa vyuo vya huko hapakuwa na saa ya kumharakisha mtu. Siku hizi ukipata mpira saa inaanza kukuhesabia, na usipoutupa kikapuni kabla haijalia, unanyang'anywa. Siku zao, wapi! Mkishaongoza kidogo tu, mnaweza kukaa na mpira mpaka watazamaji wakapiga miayo. Wanne wanasimama kwenye pembe nne, wa tano katikati, wanapeana, wanapeana, hawatupi. Wapinzani wamejenga ukuta chini ya kikapu, wanawangoja. Nyinyi hamwendi. Mwisho roho zinawauma, wanatoka kuufuata mpira, na wakitoka wanaacha wazi nyuma yao. Hapo ndipo mmoja wenu anapenya, anafunga kama anayeweka kikombe kabatini.

Vikombe navitaja kwa sababu alinionyesha kwa vikombe vyangu. Alivipanga mezani, vitano vya maua ni timu yake, vitano vyeupe ni adui, kibakuli cha sukari ndicho kikapu. Akawa anasogeza kijiko kutoka kikombe hadi kikombe, taratibu, macho yanamng'aa kama mtoto wa Idi.

"Umeona, Bi Mkubwa? Mpira ukiwa kwangu, wewe utanifunga na nini?"

"Nimeona. Nirudishie vikombe vyangu, nina wageni."

Zuhura alikuwa bado anasoma shule, amekaa pale na kidevu mezani. Akauliza, "Na kama wao ndio wanaoongoza, Kocha?"

"Ah, hapo hapana. Ukiwa umefungwa halafu ukakaa na mpira, unamfanyia kazi adui. Muda unakwisha na wewe ndiye umepigwa. Hilo hata mjinga analijua."

Hilo neno nililichukua nikaliweka. Mimi shule sikufika mbali, lakini maneno ya watu huwa siyapotezi.

Alikuwa na timu ya wasichana, watoto wetu sisi wageni: wa Kitanzania, Zuhura wangu akiwemo, wa Kikongo, Mkenya mmoja, Warundi wawili ndugu. Jumamosi aliwakusanya kwenye kiwanja cha shule moja kule Kensington ambacho mlinzi wake alikuwa anamfungulia. Yeye anawafundisha kwa Kiswahili, wao wanajibizana kwa Kiingereza na Kizulu, na bado wanaelewana, maana alichokuwa anawaambia kilikuwa neno moja tu: "Subiri. Subiri. Subiri!" Nilikuwa namsikia tangu nikiwa nje ya ukuta na beseni langu la vitumbua.

Wakongo wa kanisa moja la Rosettenville waliandaa mashindano ukumbini kwao. Saa ya kuhesabia watupaji hawakuwa nayo, mashine ghali hiyo. Kocha aliposikia hakuna saa, alifurahi kuliko bwana harusi. Siku ya fainali nikaacha biashara yangu nikaenda, kwa ajili ya Zuhura. Wasichana wetu wakafunga vikapu vichache mapema, halafu Kocha akasimama, akanyanyua vidole vinne. Pembe nne. Basi, mchezo ukafa hapohapo. Watoto wakawa wanapeana mpira kama wanapitisha sahani ya ubwabwa kwenye hitima. Timu ya kanisa imejipanga chini ya kikapu chake, imejazana, inangoja. Wetu hawaendi.

Watu wakaanza kuzomea. Baba mmoja wa Kikongo, fundi cherehani, alisimama juu ya benchi. "Kocha, unafanya nini? Batoto beko banalala! Mama yangu, hii ni mupira ao ni messe?"

Messe kwao ni misa ya kanisani. Mwenzake akamjibu, "Hata messe iko na kuimba!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Refa naye alikuwa anajishika mdomo. Kocha akageuka, akawaambia kwa upole wake ule unaoudhi, "Mpira tunao sisi. Anayeutaka aje auchukue."

Tulishinda, sita kwa nne. Sita kwa nne! Kuna mechi za watoto wa chekechea zina magoli zaidi. Wasichana walipewa kikombe cha bati, na nusu yao walikuwa wanalia kwa aibu. Mmoja wa wale Warundi alimwambia Zuhura kwenye gari kwamba harudi tena, kwake bora kushindwa huku unakimbia. Akaacha kweli, na dada yake naye akaacha. Mmoja mmoja wakamwachia kiwanja chake. Kocha hakujiuliza kosa liko wapi. Alikikalisha kile kikombe dirishani, kikamchekea mpaka kikashika kutu.

Nami nilimuuliza, "Umebaki na wachezaji wangapi?"

"Wanaojua thamani ya kusubiri."

"Yaani Zuhura."

"Zuhura, na yule Mkenya akipona mguu."

Mngedhani basi mtu huyu ni mvumilivu. Hapo ndipo uongo wake ulipokuwa. Sijaona mtu asiyejua kusubiri kama yule. Chai hakuwahi kuiacha ipoe, kila siku anaungua ulimi na kila siku anailaumu birika. Barabarani, taa zile ambazo huku tunaziita roboti, yeye hakuzitambua. Nyekundu, kijani, kwake ni mapambo. Siku moja tunatoka sokoni akavuka roboti nyekundu na mzigo wangu wa unga mkononi, teksi ikafunga breki, dereva akamtukana kwa Kizulu matusi niliyoyaelewa yote. Kocha akampungia mkono akasema, "Sharp, sharp," kama mtu aliyesalimiwa. Kwenye shughuli za watu alikuwa wa kwanza kwenye biriani, kabla dua haijaitikiwa vizuri. Akisimama foleni ya kununua umeme anahamahama mpaka watu wanamkalia chonjo. Pilau yangu jikoni aliifunua mara tatu kabla haijakauka maji, nikampiga mwiko wa mkono.

Kusubiri kwake kulikuwa kwa mambo makubwa tu, yale yanayomtaka mtu aseme ndiyo au hapana, nakuja au siji. Hapo ndipo anasimama kwenye pembe zake nne.

Yule binti yake alipata namba yangu kwa jamaa zangu wa Tanga. Akawa ananitumia sauti kwenye simu, sauti nzuri, ya taratibu, na nyuma yake unasikia kuku na mtoto anayemvuta khanga.

"Shikamoo, mama. Baba hajambo?"

"Marahaba. Hajambo, anakula."

"Mwambie aje. Kila akinipigia ananiambia bado hajakamilisha. Mwambie mimi simtaki na kitu. Aje na mikono yake tu."

Nikampelekea simu chumbani Kocha aisikilize mwenyewe. Aliisikiliza amesimama, kichwa karibu kiguse dari. Ikaisha, akairudia. Kisha akasema, "Anasema hivyo kwa adabu. Mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia baba yake alete kitu."

"Wewe hukumlea. Umejuaje alivyolelewa?"

"Nitakwenda, Bi Mkubwa. Nikifungua ile shule yangu ya mpira, nikipata picha za kumwonyesha. Siwezi kutokea mlangoni kwa mtu baada ya miaka yote hii na begi moja."

"Una begi moja?"

"Ninalo."

"Basi una kila kitu."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, hilo sitalikataa, na ndicho kilichofanya watu wamsamehe. Mimi hakikunifanya kitu.

Sababu ya yote, akisimulia yeye, ni mechi moja ya huko Marekani. Timu yao ilikuwa mbele kwa kikapu kimoja. Wamekaa na mpira, dakika zinakwisha, adui anahaha. Mwenzao mmoja, kijana wa palepale, akaona uwazi mbele yake. Akautupa. Ukagonga chuma, ukarudi, adui akauokota, wakafungwa na mechi ikaisha. Miaka yote hii Kocha hajamsamehe yule kijana. Sasa atakuwa mzee wa wajukuu, pengine hata kumkumbuka Kocha hamkumbuki, lakini hapa Bellevue alikuwa anasutwa karibu kila wiki. "Alitupa mapema," Kocha alikuwa anasema, mkono kifuani. "Alitupa mapema!" Mtu akioa akaachana, alitupa mapema. Mkongo kinyozi wa mkabala alifungua duka la pili likafa, naye alitupa mapema. Hajapata kusema hata siku moja kwamba kuna mtu alichelewa.

Sasa nifike kwenye posa ya Zuhura, maana hapo ndipo nilipomjua hasa.

Zuhura alichumbiwa na kijana wa Kizulu anaitwa Sipho, kijana wa kazi, mnyenyekevu. Akaniambia mwenyewe kwamba yuko tayari kusilimu. Lakini posa kwao ni ya wazee, na wazee wake sikujua wana msimamo gani. Nilichokitaka mimi kilikuwa kimoja: nikaha kwanza, halafu hizo sherehe zao zote wafanye watakavyo. Baba yake Zuhura ni marehemu. Kwao wajumbe wa posa wanataka kuongea na mwanamume, na wanaume wetu wa msikitini siku hiyo wote walikuwa kazini. Aliyekuwa na nafasi ni Kocha. Kocha siku zote ana nafasi.

Nikamkalisha. "Utasema neno moja. Nikaha kwanza. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Niachie mimi."

Wajumbe wakaja asubuhi, wazee watatu na makoti yao, wakasimama nje ya geti. Kwao hawagongi mlango, wanaita kwa sauti, wanataja jina la ukoo wa mwanamke, wanasema wamekuja kuomba undugu mwema. Jina la ukoo wetu hawakulijua, maskini. Wakawa wanaita, "Nyinyi watu wa Tanzania! Nyinyi watu wa Tanzania wa nyumba hii!" Mtaa mzima ukatoka madirishani.

Nikachukua ufunguo. Kocha akanyoosha mguu wake mrefu mlangoni.

"Kaa, Bi Mkubwa. Sisi ndio tunaongoza. Binti yuko ndani, wao wako nje."

"Ni wageni! Watu wazima wanaungua jua!"

"Waache watoke kwenye ukuta wao."

"Ukuta gani? Wako barabarani!"

Mkongo kinyozi akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Mama, bageni beko inje! Mufungule mulango! Ao munataka nibanyoe kwanza?"

Nilikufa kwa haya. Kwetu Tanga mgeni akipiga hodi, maji ya kunywa yanafika kabla hajakaa. Hawa waliita, wakanyamaza, wakaita tena, mmoja akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chumbani Zuhura na rafiki zake wanacheka mito imewaziba midomo. Mimi nimeshika ufunguo kama nimeshika kaa la moto. Mpaka Kocha alipoona inafaa, au alipochoka mguu, ndipo akafungua.

Yule mzee mkubwa wao akaingia, akajifuta jasho, akasema maneno ambayo sikuyatarajia. Kizulu changu ni cha sokoni lakini kinatosha. Alisema, "Tumefurahi. Tuliogopa kwamba nyinyi wageni mtatufungulia kwa wito wa kwanza, mtupe mtoto kama mkate wa duka la spaza. Kumbe nyumba hii inajiheshimu."

Yaani ndiyo desturi yao! Anayeposa huachwa getini mpaka wenye binti waridhike. Kocha akanigeukia na uso wa mtu aliyekuwa analijua hilo tangu tumboni mwa mama yake. Hakujua lolote. Niliishi naye, najua uso wake wa kujua na uso wake wa kubahatika.

Tukawaweka sebuleni, mimi nikakaa nyuma ya pazia la jikoni kwa adabu. Wakaanza kuleta maneno. Kila wakileta neno, Kocha analipokea, anauliza jingine. Mvua imenyesha huko kwenu? Malisho yakoje? Hiyo barabara ya kwenda kwenu imetengenezwa? Goti lako mzee, umelipaka nini? Wale wazee walikuja na vifua mbele wamejiandaa kubishana, wakajikuta wanasimulia magoti. Chai ikaisha, nikapika nyingine. Nasema ukweli, ilikuwa inafanya kazi. Nilikuwa nawaona kwenye upenyo wa pazia, mabega yameshuka, wameachia. Ukuta wao ulikuwa umetawanyika sebule nzima.

Na yule mzee mkubwa akaweka kikombe chini, akasema, "Baba, tumekaa vya kutosha. Semeni mnachotaka. Tumekuja kusikia."

Hapo! Hata mimi nisiyejua mpira niliona pale pako wazi. Palikuwa wazi kama mlango wa msikiti. Nikamwangalia Kocha. Zuhura akatokeza kichwa chumbani, naye akamwangalia Kocha. Neno moja tu. Nilimfundisha mwenyewe.

Kocha akanyanyua chupa ya chai, akaitikisa. "Bi Mkubwa," akaita, "imebaki humu?"

Nikatoka nyuma ya pazia. Sikukusudia, miguu ilijitoa yenyewe. Nikasimama mbele ya wazee wale na mwiko mkononi, nikasema kwa Kizulu changu cha sokoni, "Msikitini kwanza. Nikaha isomwe kwanza. Mkimaliza hiyo, njooni na ng'ombe, njooni na ngoma, tutacheza wote."

Kocha amefumba macho kama anayesikia gari linagonga ukuta.

Yule mzee akawatazama wenzake, akapiga goti lake bovu, akacheka. "Gogo," yaani bibi kwa lugha yao, "ni hilo tu? Kijana alishatuambia, na tulishakubali nyumbani. Tulikuwa tunangoja nyinyi mlitaje."

Walikuwa wanangoja! Asubuhi nzima, na wao walikuwa wamekaa na mpira wao!

Walipoondoka, Zuhura ananikumbatia mpaka kilemba kikanivuka, Kocha alikuwa bado kwenye kiti chake.

"Umetupa mapema," akasema.

"Imeingia!"

"Imeingia, sikatai. Lakini walikuwa wanatoka, Bi Mkubwa. Kidogo tu, wangelisema wao wenyewe."

"Lini? Zuhura akiwa na mvi?"

"Ungesubiri kidogo."

"Kocha, mtu amekwambia sema unachotaka! Ulitaka akuandikie na barua?"

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akanywa chai ya mwisho, akaungua ulimi. Harusi ilipofika alikuwa wa kwanza kwenye biriani.

Tangu siku ile niliacha kumwambia habari za binti yake kwa upole. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Kusubiri anakujua sana, kinachomshinda ni kile ambacho kusubiri kumekusudiwa kukileta. Binti naye kule alikuwa anasema semeni mnachotaka, kila mwezi, na kuku wake nyuma, na huyu anatikisa chupa ya chai.

Baadaye mwenye nyumba alipandisha ghorofa, sisi tukatawanyika. Mimi nikaenda kukaa na Zuhura na Sipho, yeye akapata chumba Rosettenville, nyuma ya duka la Mreno anayeuza samaki wa kukaanga. Tukawa hatuonani. Sauti za binti ziliendelea kunijia, na karibuni zikabadilika. Ya mwisho haikuwa na kuku wala mtoto. Alisema, "Mama, nimesikia baba anaumwa kifua. Nikimuuliza mwenyewe, ananiuliza mimi nimekula nini. Niambie ukweli, yuko hai wa namna gani?"

Nikamwambia Sipho awashe gari.

Tulimkuta amekaa kitandani, mabega yameingia ndani, urefu wote ule umekunjwa kama ngazi ya kukunja. Kile kikombe cha bati kiko dirishani. Chumba kinanuka samaki na dawa ya kuchua. Alifurahi kuniona, akataka kunyanyuka, akakohoa, akakaa.

"Bi Mkubwa! Umeniletea nini?"

"Vitumbua. Na maneno."

"Tuanze na vitumbua."

Akala kimoja, polepole. Sipho akatoka nje kwenda kuongea na Mreno. Kocha akaanza kunieleza juu ya saa. Siku hizi, alisema, hata watoto wanafundishwa kutupa tu, kutupa tu, saa imewaharibia mchezo, hakuna anayejua kukaa na mpira. Alisema na pumzi inakatika kila baada ya maneno machache, lakini macho yalikuwa yaleyale ya siku ya vikombe.

"Kocha," nikasema, "ulituambia mezani kwangu. Anayekaa na mpira ni yule anayeongoza. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo."

"Na aliyefungwa akikaa na mpira?"

"Huyo anamfanyia kazi adui," akajibu harakaharaka, kama mwanafunzi. "Hilo hata mjinga..."

Akakirudisha kitumbua cha pili kwenye mfuko.

"Wewe nani alikwambia unaongoza?" nikamuuliza. "Mtoto umemwacha na meno ya utoto, sasa wanawe ndio wanaong'oka meno. Hujawahi kuongoza hata siku moja katika jambo hili. Umefungwa tangu asubuhi, mzee mzima, na umesimama kwenye pembe unapeana mpira na nafsi yako."

Sikumwambia kwa upole. Upole alishaupata kwa watu wengi na haukumsaidia.

Nje Mreno alikuwa anamtania Sipho juu ya samaki, sisi tunasikia mafuta yanalia. Kocha aliipangusa mikono yake kwa shuka, kidole kimoja kimoja. Halafu akanyoosha mkono chini ya mto, akatoa simu yake, akanipa.

"Nianzishie wewe," akasema. "Vidole vyangu vinatetemeka."

Vilikuwa havitetemeki. Nikaichukua, nikalitafuta jina la binti, nikabonyeza, nikamwekea sikioni. Ikaita mara moja tu, ikapokewa. Mtu yule alikuwa ameshika simu mkononi.

"Haloo, mwanangu," akasema Kocha. "Hujambo? Ehe. Mvua mmepata huko?"

Nikaweka mkono kiunoni.

"Ehe. Na nazi mwaka huu? Eh, nzuri. Na barabara ile ya..."

Nikakohoa.

Akanitazama. Nilimtazama vilevile nilivyomtazama siku ile ya posa, sikufungua mdomo. Niliapa moyoni kwamba leo simsaidii. Kiganja kikasogea kwenye shuka, kikarudi. Binti naye alikuwa anangoja.

"Mwanangu," akasema, "nakuja. Sina kitu. Nina begi tu."

Akasikiliza. Akaiziba simu kwa kiganja, akanigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona, sio wa kujua wala wa kubahatika.

"Bi Mkubwa, huyu analia au anacheka? Siwezi kutambua."

"Utatambua ukifika," nikamwambia. "Ondoa mkono, anakusikiliza."

Nikainama, nikalivuta begi lake uvunguni. Juu yake kulikuwa na mpira uliokwisha upepo. Nikautoa, nikauweka dirishani pembeni ya kile kikombe chake cha kutu, nikaanza kumkunjia mashati.